Samaki na mtindi, na kile kikombe alichoninyang'anya bibi

Watu kadhaa wameniomba niandike yale niliyoongea kuhusu miiko ya vyakula kwenye kikao cha wazazi, maana mvua ilikuwa inapiga bati na wa nyuma hawakusikia kitu. Nimeandika kama nilivyoongea tu, sijasafisha sana.

Asalaam aleykum, Bwana asifiwe, na ambao sijawagusa za jioni. Wazee wangu shikamooni. Mwalimu mkuu kanipa dakika ishirini na kaniambia niongelee lishe bora, sasa mi lishe bora siiwezi, ile michoro ya sahani ya rangi rangi mmeshaiona kliniki mpaka mmeichoka. Mi ni muuza dawa. Nimesimama nyuma ya kaunta miaka mingi na swali ninaloulizwa kuliko yote wala sio bei, ni hili: "Dokta, hii dawa haina mwiko?" Sio dokta, nshasema mpaka nimechoka, lakini swali lenyewe nalipenda sana, kwa hiyo leo nalijibu hilo.

Nianzie kwetu Pangani. Ramadhani, mi nina kama miaka tisa, nafunga zile za nusu siku, tumekaa jamvini kuna muhogo wa nazi, tambi, changu wa kukaanga. Nkamaliza samaki wangu vizuri nkavuta kikombe cha mtindi aliokuja nao mjomba. Bibi hakusema neno, alinipokonya kikombe mkononi akatoka akamwaga uani, mtindi wa watu, paka wakafuturu. Ndo akanigeukia: "Unataka utoke mbalanga?" Mbalanga nilikuwa naijua kwa macho, kulikuwa na mzee pale mtaani anauza kashata, mikono yake ina mabaka meupe mpaka viwiko, basi nikaunganisha mwenyewe na akili yangu ya kitoto, kumbe yule mzee alikula samaki akashushia maziwa. Miaka mingi nilikuwa namwangalia kama mlafi aliyeadhibiwa, kashata zake sikununua hata siku moja, na ni mzee mpole tu wa watu.

Mikono juu, nani hapa kaambiwa asile samaki na maziwa? Eeh, karibu wote. Na nani kaambiwa sababu ni mabaka? Ukoma? Tumbo kujaa? Unaona sasa, mwiko mmoja ila magonjwa kila nyumba na lake.

Sasa msije mkadhani haya maneno bibi zetu waliyatunga jikoni. Yametoka mbali. Vitabu vya kale vya tiba ya Kihindi, hii Ayurveda, vinakataza samaki na maziwa wazi wazi, na sababu wanaitoa, maziwa ni ya baridi, samaki ni wa moto, ukivikutanisha tumboni vinagombana na damu inaharibika. Halafu Ibn Sina, tabibu mkubwa yule aliyefariki 1037, naye akaandika kwamba samaki na maziwa visiliwe pamoja maana vinaweza kuleta magonjwa sugu kama ukoma, na hakujidai kwamba kaligundua yeye, alisema hayo wanayasema wajuzi wa India na wengineo. Na pwani yetu hii imefanya biashara na India na Uarabuni karne na karne, majahazi yalileta nguo, yalileta mchele, na maneno ya tiba yakashuka nayo bandarini bila ushuru. Kama unabisha sikiliza tunavyoongea, mtu goti linamuuma anasema ana baridi yabisi. Yabisi ni kavu. Baridi na kavu, hiyo ndo lugha ya madaktari wa zamani wa Kigiriki na Kiarabu, waliogawa mwili na vyakula kwa joto, baridi, unyevu na ukavu. Tunaitamka kila siku na wala hatujui kwamba tunanukuu hospitali ya miaka elfu moja iliyopita.

Kwa hiyo vijana mnaosema "imani potofu, imani potofu", taratibu kidogo. Kwa wakati wake ile ndo ilikuwa sayansi, na ilikuwa ya daraja la juu.

Na Wazungu msiwaogope. Mwaka 1873 daktari wa Norway anaitwa Hansen aligundua kimelea cha ukoma, kabakteria, akakiona kwa darubini. Ungedhani mjadala umefungwa hapo. Haukufungwa! Kuna mpasuaji mmoja mkubwa wa Uingereza, Jonathan Hutchinson, mtu mwenye heshima zake, mpaka leo madaktari wana kitu wanakiita meno ya Hutchinson, huyu bwana alishikilia kwamba ukoma unatokana na kula samaki walioharibika. Akasafiri mpaka Afrika Kusini na India kutafuta ushahidi, na mwaka 1906 akatoa kitabu kizima cha kutetea hoja hiyo, miaka 33 baada ya Hansen. Msomi kabisa! Sasa bibi yangu wa Pangani ambaye darubini hajawahi kuiona mnamcheka nini?

Haya, ukweli wenyewe ni huu. Ukoma ni bakteria na unachelewa kuonekana, kwa wastani miaka kama mitano tangu umwingie mtu, wengine hata ishirini, hebu niambie nani atakumbuka alikula nini na nini miaka mitano iliyopita. Na una dawa, inatolewa bure, mtu anatibiwa anapona. Mabaka meupe ni kitu kingine kabisa, pale kinga ya mwili yenyewe inashambulia zile seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, hayaambukizi na hayahusiani na ulichokula. Yule mzee wa kashata hakufanya kosa lolote.

Na ushahidi mwingine uko kwenye sufuria za watu. Scotland wana supu yao inaitwa Cullen skink, samaki wa moshi anapikwa ndani ya maziwa, yaani hata sio kushushia, anachemka humo humo. Bengal, huko huko India kwenye chimbuko la mwiko, samaki wa kwenye mtindi ni chakula cha wageni. Wanakula na watoto wao na maisha yanaendelea.

Ila hapa ndo nataka mnisikilize, hasa kina mama mnaonunua samaki kule soko la Deep Sea mchana. Mi sikubali kwamba watu wa pwani waliona hewa. Nadhani kuna kitu walikiona kweli na wakamkamata mshtakiwa asiye yeye.

Kuna samaki kama jodari, nguru, vibua. Nyama yao ina kitu kinaitwa histidini kwa wingi. Samaki huyo akikaa kwenye joto bila barafu, bakteria wanaibadilisha ile histidini inakuwa histamini, na histamini ni ile ile ambayo mwili wako unaimwaga ukipata aleji. Unakula, baada ya muda mfupi tu, mara nyingi hata saa moja haiishi, uso unawaka, shingo na kifua vinakuwa vyekundu au vinatoka vipele, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, wengine wanahara. Na ubaya wake ni kwamba kukaanga hakuiondoi. Kuchemsha hakuiondoi. Ndimu na tangawizi hazisaidii kitu. Na samaki anaweza asinuke kabisa, mara nyingine ana ukali fulani tu kama pilipili mdomoni. Sasa piga picha, mtu kala jodari wa mchana, kashushia na kikombe cha maziwa, robo saa ngozi imebadilika mwili mzima. Atasema nini? Samaki kamla maisha yake yote hajamfanya kitu, maziwa kanywa maisha yake yote. Basi ni ule mchanganyiko! Ukiwa karne ya kumi na moja huna jibu lingine. Hii ni dhana yangu sijaitoa popote, lakini nikiwa dukani nimeshaona watu wanakuja wamevimba macho wanataka dawa ya aleji, nawauliza umekula nini, "jodari, lakini nilikunywa na maziwa dokta, najua kosa langu". Kosa lake! Kosa la barafu. Kesho atarudi kununua jodari pale pale, safari hii bila maziwa, anadhani kajikinga.

Hapo ndo mwiko unapokuwa na madhara jamani, sio kwamba unakunyima mtindi, mtindi unaweza kunywa asubuhi. Unakutoa kwenye swali la samaki kalala wapi.

La ndimu na maziwa nalipita haraka, ati yataganda tumboni. Yataganda ndio. Tumbo lako lina asidi kali kuliko hiyo ndimu, kwa hiyo maziwa yote unayokunywa yanaganda, na ndo yanavyoanza kusagwa. Wanaojaa gesi na kuhara wakinywa maziwa mabichi wengi tatizo lao ni sukari ya maziwa, hii laktosi, sisi wengi tukishakua mwili unapunguza kuisaga, wakati jamii za wafugaji wengi wao wanaendelea kuimudu mpaka uzee. Mtindi una afadhali kwa sababu sehemu ya hiyo sukari imeshaliwa na bakteria. Basi.

Kuna Mchina mmoja nampenda sana, Zheng Ji. Mwaka 1935 huko Nanjing watu walikuwa na hofu kubwa ya vyakula visivyopatana, orodha ndefu, ndizi na hiki, asali na kitunguu, kaa na lile tunda lao. Huyu mwanasayansi akakusanya jozi 184 za hiyo miiko, akachagua 14 ambazo watu wanakutana nazo zaidi, akawalisha panya, mbwa, nyani, na nyingine akala mwenyewe na mwenzie. Wakakaa wanasubiri sumu. Haikuja. Jamaa alizaliwa 1900 akafariki 2010, hesabuni wenyewe. Sisemi kwamba kula asali na kitunguu ndo kulimfikisha huko, nasema tu hakikumzuia.

Sasa nirudi dukani kwangu, maana hapa ndo penye uchungu wangu. Kuna mwiko mwingine hapa mjini, kwamba maziwa yanakata makali ya dawa. Yanaua dawa. Kwa hiyo mtu akimeza dawa yoyote ile maziwa hagusi. Sasa huu mwiko ni wa ajabu, kuna sehemu umelenga katikati kabisa na kuna sehemu unaua mtu.

Ulipolenga, tetrasaiklini, hii dawa ya kuua bakteria. Kalsiamu ya kwenye maziwa inaikamata ile dawa inaing'ang'ania, zinatoka pamoja chooni, zaidi ya nusu ya dawa inaweza isiingie mwilini. Sipro, dawa nyingine ya bakteria, nayo haipendi maziwa. Hapo aliyekwambia usinywe yuko sahihi, mpe mkono.

Usipolenga, dawa mseto ya malaria. Hii ALu tuliyoanza nayo 2006 hivi baada ya SP, dawa ya malaria ya zamani, kushindwa. Ndani yake kuna lumefantrini, na lumefantrini bila mafuta haiingii vizuri. Watu wazima wenye afya njema walipopimwa, waliokula chakula chenye mafuta walikuwa nayo kwenye damu mara 16 zaidi ya waliomeza tumbo tupu. Mara kumi na sita! Na mafuta yenyewe sio lazima pilau, hata maziwa yanatosha. Kwa hiyo mi nampa mtu dawa mseto namwambia mama kunywa na kikombe cha maziwa, ananiangalia kama nataka kumwibia. Alikuja dada mmoja, mtoto wake kapimwa kaambiwa malaria, kapona siku mbili, homa imerudi, kafika kwangu analalamika dawa feki. Nikamuuliza alikuwa anameza na nini. Strungi. Chai kavu, kwa sababu tumbo limekataa chakula, na maziwa aliambiwa marufuku. Nani alimwambia? Sikiliza. Msichana aliyekuwa anauza dukani, dukani kwangu mimi. Nilikuwa sijamfundisha. Nilimfundisha kuhesabu vidonge na kuandika mbili asubuhi mbili jioni, la maziwa nikadhani kila mtu anajua. Mtoto alipata nafuu baadae kliniki, Alhamdulillahi, ila mi nilikaa wiki sina raha na tangu siku hiyo kwenye kila bahasha ya mseto naandika kwa kalamu nyekundu MAZIWA RUKSA.

Na hiyo strungi yenyewe ina kesi. Mbona hakuna mtu kamkataza mtu chai na chakula? Chai ina tanini, na tanini inashika madini ya chuma yaliyoko kwenye maharage, mchicha, dagaa kidogo, na vile vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito. Ukinywa chai ya rangi pamoja na mlo wa maharage unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya chuma ambacho kingeingia. Sasa angalia utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16, wanawake wa umri wa kuzaa 45 kati ya 100 walikuwa na upungufu wa damu, na wajawazito 57. Sisemi ni chai tu, kuna malaria, kuna minyoo, kuna kula kidogo. Lakini mjamzito anamezea vidonge vya damu na chai halafu anakataa yai. Ndio, yai! Ati mtoto atazaliwa hana nywele. Hili la yai silisamehe, na ukichunguza miiko mingi ya namna hii utaona anayekatazwa ni mama na mtoto, na kinachokatazwa ni yai, maini, firigisi, na anayekula hivyo vilivyokatazwa yuko pale pale mezani, ni baba. Kina baba msicheke.

Chai subiri saa moja baada ya kula. Vidonge vya damu meza na maji au juisi ya chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia. Ndimu kwenye mchicha, ruksa.

Sasa baada ya kuwasema wazee nataka niwape haki yao, na hii haki ni kubwa. Mi naona bibi zetu kwenye kukataza walikosea sana, lakini kwenye kuchanganya walikuwa mabingwa. Nani aliwaambia waweke mahindi na maharage sufuria moja? Mahindi yana upungufu wa aina fulani ya protini, maharage yanayo kwa wingi, na kile maharage yamepungukiwa mahindi yanacho. Makande yamekamilika kuliko kila kimoja peke yake, na Kenya ni githeri, hadithi ile ile. Mchicha wa nazi, kisamvu cha karanga, ile vitamini A ya kwenye majani ya kijani inahitaji mafuta ili iingie mwilini, bila mafuta inapita tu. Hakuna aliyekuwa na maabara pale, kulikuwa na watoto wanaonawiri na watoto wasionawiri na wanawake wanaoangalia.

Na ubaya wa kuvunja hiyo michanganyiko tumeuona hapa hapa nchini. Mwaka 1985 wilaya ya Tarime, ukame, watu wakabaki na muhogo mchungu, wakawa wanafupisha kazi ya kuukausha na kuuvundika kwa sababu ya njaa. Watu wakaanza kupooza miguu, watoto na kina mama wengi, ghafla tu, na haurudi nyuma. Ugonjwa unaitwa konzo, jina limetoka Kongo, maana yake miguu iliyofungwa. Msumbiji 1981 huko Nampula walipata zaidi ya watu elfu. Muhogo mchungu una sumu inaitwa sianidi, na mwili unaisafisha sianidi kwa kutumia salfa inayotoka kwenye protini, yaani dagaa, samaki, maharage. Ukila muhogo haukuandaliwa vizuri na huna kitoweo, mwili hauna cha kusafishia. Sasa kumbuka futari ya bibi yangu, muhogo na changu. Kikombe cha mtindi alininyima, lakini angalia alichoniwekea kwenye sahani.

Niseme na hili, kuna miiko ambayo sio ya afya na msiipeleke maabara. Wamasai kwa desturi hawachanganyi nyama na maziwa kwa mlo mmoja, Wayahudi nao hawachanganyi kwa dini yao. Hiyo ni heshima na utambulisho wa watu, haingoji kipimo cha damu. Mtu akikwambia "kwetu hatuli" mwachie. Akikwambia "ukila utapata ukoma", hapo ndo unamvutia kiti mnaongea.

Haya maswali, dakika zangu zimeisha.

Aliuliza kijana mmoja kuhusu balungi. Kaka, balungi ni kweli kabisa na wala sio mwiko wa bibi, waligundua Canada mwishoni mwa miaka ya 80 wakati wanajaribu dawa ya presha, balungi linazuia kimeng'enya kinachopunguza makali ya dawa, kwa hiyo dawa inazidi kwenye damu. Kama baba anameza dawa za presha au za kolesteroli muulize mfamasia kwanza. Chungwa la kawaida halina shida hiyo.

Mama mmoja akauliza atamjuaje jodari mwenye histamini. Humjui mama. Mnunue asubuhi, akiwa kwenye barafu sio juu ya meza ya jua, mfikishe nyumbani kwenye friji au mpike saa hiyo hiyo, na ukila ukasikia ulimi unawashawasha tema usione haya.

Halafu akasimama bibi mmoja pale mbele, kanga kajitanda mpaka kidevuni, akasema mwanangu umeongea vizuri sana, sasa wewe mwenyewe unakula samaki na maziwa? Ukumbi wote ukanyamaza hata mvua nkaisikia vizuri. Nikamwambia ukweli bi mkubwa. Nilikula mara ya kwanza nikiwa chuo, nguru na mtindi baridi, nikiwa najua haya yote niliyowaambia. Na usiku ule niliamka mara tatu nikawasha taa nikaangalia mikono.